Habari za Kitambi

Watu wengi husema ya kuwa kitambi ni dalili ya neema. Je! ndivyo?

Na tutazame Kariakoo. Mwenye duka huketi tangu asubuhi hata jioni. Asubuhi hula maandazi na chai ya sukari nyingi, mchana wali tele na soda, usiku chipsi. Chupa moja ya soda huwa na sukari ipatayo vijiko 7 vya chai, pengine zaidi. Chakula kisichotumiwa na mwili hugeuka mafuta.

Mafuta ya ndani ya tumbo yana hatari kuliko ya mapajani, maana huzunguka ini na matumbo, nayo huvuta kisukari, shinikizo la damu na ugonjwa wa moyo.

Kipimo chake ni utepe wa fundi cherehani. Toa pumzi, upime kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Mwanamume aliyefika sentimeta 94, na mwanamke asiye na mimba aliyefika 80, na ajihadhari.

Dawa nayo imo sokoni humo humo: mchicha, kunde, maharagwe, samaki, machungwa. Tena tutembee kwa miguu dakika 30, siku 5 kila juma.

Neno kwa waalimu: mwenye kitambi asichekwe, afundishwe. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho habari za mwili kuwa hekalu. Tukilihubiri neno hilo, kisha meza ya usharika ikajaa soda na vya kukaanga tu, twajipinga wenyewe. Basi, tuanze kwetu.