Dada Anayelea na Lugha Anayosema: Kijitabu kwa Wazazi wa Sumbawanga na Uwanda wa Ufipa



Kijitabu hiki ni chako wewe unayetoka alfajiri kwenda ofisini, sokoni au shambani na kumwacha mwanao na dada wa kazi. Mjini Sumbawanga, kuanzia Mazwi na Izia hadi Chanji na Katandala, dada huyo mara nyingi ametoka Laela, Mpui, Matai, Chala au vijiji vya Bonde la Rukwa. Mtoto wa miaka miwili hushinda naye saa nyingi kuliko anazokaa na baba au mama akiwa macho, na maneno mengi ya kwanza anayotamka ameyasikia kwake.

Wazazi wengi siku hizi wanatafuta dada kwa kuangalia lugha pia. Kuna wanaotaka Kiingereza, kwa kuwa wanawaandaa watoto kwa shule za mchepuo wa Kiingereza. Kuna wanaotaka Kifipa, hasa pale ambapo baba ni mtumishi aliyehamishiwa hapa kutoka Bukoba au Moshi na mama ndiye mwenyeji, na nyumbani kinasikika Kiswahili peke yake. Maombi yote mawili ni ya haki. Ila kabla ya kuuliza dada anajua lugha gani, uliza kama atakuwa na muda, afya na furaha ya kuzungumza na mtoto. Aliyechoka, anayefokewa na asiyelipwa huwa kimya, na mtoto hawezi kuokota lugha kwa mtu aliye kimya.

Mtoto hujifunza kwa mtu anayemjibu

Mwaka 2003 mtafiti Patricia Kuhl na wenzake wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa watoto wachanga wa miezi 9 waliozaliwa katika nyumba za Kiingereza. Kundi moja lilikutanishwa na watu waliowasomea na kucheza nao kwa Kichina, kwa vipindi 12. Kundi jingine liliangalia watu hao hao, wakisema maneno ya aina hiyo hiyo, kwenye video. Waliokaa na watu walianza kutofautisha sauti za Kichina. Walioangalia video hawakupata kitu.

Tunalitaja jaribio hili kwa sababu katika nyumba nyingi runinga huwashwa asubuhi na kuzimwa usiku, mzazi akiamini kuwa katuni za Kiingereza zinamfundisha mtoto. Mtoto mdogo anahitaji mtu anayetazama anachokitazama yeye, anayekitaja jina, anayengoja jibu hata kama ni mguno, kisha akaendelea kutoka hapo. Dada akiwa anachambua maharage na mtoto amekaa kando, ana mambo mengi ya kusema: hili limetoboka, hili jekundu, hili limeruka, lifuate, lilete. Robo saa ya mazungumzo hayo ina faida kuliko asubuhi nzima ya katuni. Mwambie dada wazi kwamba kuongea na mtoto ni sehemu ya kazi yake, na kwamba hutamhesabia uvivu ukimkuta ameketi mkekani anaimba naye huku vyombo vikisubiri.

Kifipa ambacho tayari kiko jikoni mwako

Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo wazazi wengi wa Ufipa wanapopoteza kitu walichonacho tayari.

Dada anapofika kutoka kijijini, agizo la kwanza analopewa katika nyumba nyingi ni hili: usimsemeshe mtoto kilugha. Mzazi anahofia mtoto atachelewa kusema, au atachekwa shuleni. Hofu hiyo ina historia yake, kwani wapo watu wazima wanaokumbuka viboko walivyochapwa darasani kwa kuteleza neno moja la nyumbani. Lakini dada huyo, ambaye Kiswahili chake huenda ni cha kujibu maswali tu, akinyimwa lugha anayochekea, anayobembelezea na anayotegea vitendawili, atabaki na amri chache: njoo, kaa, acha, kula. Mtoto naye atapata hizo hizo.

Kuzungumziwa lugha mbili hakumdhuru mtoto. Katika Afrika Mashariki watoto wamekua na lugha mbili, tatu, hata nne, vizazi kwa vizazi. Kwa muda atachanganya, ataanza sentensi kwa Kiswahili na kuimalizia kwa Kifipa, na hilo ni jambo la kawaida linalopungua lenyewe. La kuchunguza ni jingine: akifika mwaka mmoja na nusu bila neno lolote katika lugha yoyote, au miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili, au akiwa hageuki anapoitwa, mpeleke kliniki apimwe masikio. Usiishie kulaumu kilugha huku mtoto hasikii vizuri.

Kumbuka pia kwamba mkoa wetu una lugha nyingi. Kifipa chenyewe kina lafudhi na misamiati tofauti kutoka upande mmoja wa uwanda hadi mwingine. Kusini, wilayani Kalambo, kuna Kimambwe na Kilungu, ambazo zinasemwa pia ng'ambo ya mpaka upande wa Mbala, Zambia. Ukitaka mwanao aelewane na bibi yake wa Namanyere, mtafute dada au mama wa upande huo. Ukimpata wa Matai mwenye Kimambwe, usimlazimishe kuigiza Kifipa asichokijua. Mwache aseme chake vizuri, Kifipa mtoto akipate kwa bibi.

Utaratibu uliozoeleka katika nyumba za lugha nyingi ni kila mtu kushika lugha yake. Mwanaisimu Mfaransa Jules Ronjat aliueleza mwaka 1913, baada ya kumlea mwanawe hivyo, yeye akisema Kifaransa na mkewe Kijerumani. Kwenu inaweza kuwa dada Kifipa, mama Kiswahili, baba Kihaya. Si lazima iwe sheria ya chuma. Mgeni akija, wote mkasema Kiswahili, hakuna kilichoharibika. Linalohitajika ni mtoto asikie kila lugha karibu kila siku, tena kwa ajili ya mambo ya kweli: kuoga, kula, kutumwa, kusimuliwa.

Na simulizi zipo. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyekaa na Wafipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikusanya hadithi zao akazichapisha kitabuni mwaka 1978. Hadithi za namna hiyo bado zinajulikana vijijini, na dada yako huenda anazo kadhaa kichwani ambazo hajawahi kuombwa. Mwombe. Kaa usikilize nawe jioni moja, ili mtoto aone kuwa lugha hiyo inasikilizwa na wakubwa.

Wala si lazima mlezi awe msichana. Mama wa makamo aliyelea wake wakakua mara nyingi ana subira zaidi na maneno mengi zaidi. Kuna wajane kijijini ambao wangeikubali kazi ya heshima mjini kama ujira ungekuwa wa heshima.

Wanaotaka Kiingereza

Katika shule za msingi za serikali masomo hufundishwa kwa Kiswahili, na sekondari kwa Kiingereza. Tunaelewa kwa nini mzazi anataka kumtangulizia mwanawe. Maoni yetu ni haya: kama mtoto bado hajafika miaka mitatu na Kiswahili chake hakijasimama, usimpe mlezi wa kutwa nzima anayesema Kiingereza cha kubahatisha. Mhitimu wa kidato cha nne anayetafuta kila neno kwa tabu atamsemesha mtoto kidogo sana. Ni heri dada asiyesema Kiingereza awe mlezi, na kijana anayekimudu, mathalani mwanafunzi wa ualimu aliye likizo, aje saa moja au mbili kwa siku kwa nyimbo, michezo na vitabu vya picha.

Ukifikiria kumleta mlezi kutoka Zambia kupitia Kasesya, ujue kwamba undugu wa mpakani haufuti sheria. Asiye raia anahitaji kibali cha kazi chini ya sheria ya ajira kwa wageni ya mwaka 2015, pamoja na kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji. Na yeyote anayekuletea binti kwa malipo, akamnyang'anya vitambulisho au akamdanganya kuhusu kazi anayokwenda kufanya, huenda anatenda kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008. Usiwe mnunuzi katika biashara hiyo, hata kama dalali ni mtu wa kanisani kwenu au jirani wa miaka mingi.

Umri

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Mwenye miaka 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamkataza mtoto kufanya kazi usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Sasa jiulize: ni mtoto gani anayelala na kichanga chako, akaamka kila kinapolia, akapika uji kabla hakujapambazuka, na bado akawa anafanya kazi nyepesi na kusoma? Hayupo. Ndiyo maana tunasema ajiri aliyetimiza miaka 18.

Usitosheke na maneno ya aliyemleta. Omba kitambulisho cha taifa au cheti cha kuzaliwa, na barua ya mwenyekiti wa kijiji. Zungumza na wazazi wake, ikiwezekana nenda kwao ukapaone. Ukiletewa binti wa miaka 13 aliyeacha darasa, usimpokee kwa kisingizio cha kumsaidia. Elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne haina ada katika shule za serikali tangu mwaka 2016. Ukitaka kumsaidia, mnunulie sare na madaftari arudi darasani.

Saa, ujira na blanketi

Ulaya kuna utaratibu wa vijana kwenda kuishi na familia ya nchi nyingine, wasaidie kulea watoto huku wakijifunza lugha ya wenyeji. Mkataba wa Baraza la Ulaya wa mwaka 1969 ulisema kijana huyo kwa kawaida asifanye kazi zaidi ya saa 5 kwa siku, apate muda wa masomo na siku ya kupumzika. Walielewa kwamba malezi yenye mazungumzo yanahitaji mtu aliyepumzika. Dada zetu wapo wanaoamka saa 11 alfajiri na kulala saa 5 usiku, na katikati yake kuna kuni, maji, kufua, kupika na mtoto mgongoni.

Sheria yetu inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku, saa 24 za mapumziko kila wiki, na siku 28 za likizo ya mwaka yenye malipo. Mfanyakazi wa nyumbani anahusika sawa na karani. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kuwa kima cha chini kwa anayeishi katika nyumba ya mwajiri wa kawaida. Viwango hurekebishwa, hivyo uliza Ofisi ya Kazi kiwango cha sasa, na kama unamtarajia dada awe pia mwalimu wa lugha, lipa zaidi ya hapo. Mlipe mwenyewe mkononi au kwenye simu yake. Ujira unaotumwa moja kwa moja kwa mjomba si ujira wake. Mwandikishe NSSF. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na huruhusiwi kumkata zaidi ya nusu ya mchango huo.

Andikeni makubaliano kwa Kiswahili, karatasi moja inatosha: kazi zipi, saa ngapi, shilingi ngapi, siku gani ya mapumziko, lugha ipi atasema na mtoto. Msomee kwa sauti kama hasomi vizuri, na abaki na nakala.

Mpe chumba chenye komeo la ndani. Mpe blanketi zito, kwa maana usiku wa Juni na Julai hapa juu unauma, na aliyetoka bondeni au ufukweni Kasanga hajauzoea. Ale mnachokula, wakati mnapokula. Watoto wamwite dada na jina lake, na asiitwe kwa majina ya dharau mbele yao, kwa kuwa mtoto haigi lugha ya mtu aliyefundishwa kumdharau. Mwanamume yeyote wa nyumba hiyo ajue mipaka yake. Dada aoneshwe lilipo Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na wote mjue namba 116, ambayo ni simu ya bure ya msaada kwa mtoto.

Mvua zikianza Novemba, wengi huomba kwenda kulima kwao. Pangeni likizo mapema mkizingatia hilo. Na kama anataka kuendelea na shule aliyoikatisha, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina njia kwa ajili ya walio nje ya mfumo wa kawaida. Mpunguzie saa za jioni asome.

Akiondoka

Ataondoka siku moja, kwa ndoa, kwa masomo au kwa kazi bora. Usimwondoe dada wakati mtoto amelala, kisha umwambie mtoto kwamba dada kaenda dukani. Mwambie siku kadhaa mbele, waagane. Rekodi kwenye simu nyimbo na hadithi alizokuwa akimpa, mruhusu apige simu mara kwa mara, na likizo za Juni na Desemba mpeleke mtoto kijijini, vinginevyo Kifipa alichokipata kinaweza kufifia katika miezi michache.

Mkitofautiana juu ya ujira au kuachishwa kazi, jaribuni kwanza kumalizana mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Ikishindikana, kila upande unaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Lalamiko la kuachishwa kazi lipelekwe ndani ya siku 30, madai mengine ndani ya siku 60. Dada anaweza pia kujiunga na CHODAWU, chama cha wafanyakazi kinachowahusu watumishi wa majumbani, na mwajiri hana ruhusa ya kumzuia.