SOMO LA USALAMA: Kubadili Kisanduku cha Mashini ya Kuchonga Mbao

Ndugu mfanyakazi, nawe mama wa nyumba,

Huenda nyumbani mwenu mna kijana aliyejiundia mashini ndogo ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta. Ni kazi njema: inachonga maua ya mlango, kichwa cha kitanda, kibao cha duka. Ubongo wa mashini hiyo ni kisanduku chenye kadi ya elektroniki. Kompyuta hutuma amri, kisanduku huzungusha moteri, nazo hupeleka kisu kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini.

Visanduku vingi vya zamani viliunganishwa kwa tundu la printa, ambalo kompyuta za leo hazina tena. Ndiyo maana watu hununua kisanduku kipya chenye waya wa USB, mara nyingi chenye programu ya Grbl, inayotolewa bure tangu 2009. Kisanduku kipya huongoza kisu vizuri zaidi, lakini peke yake hakilindi mkono wa mtu. Hilo ndilo somo letu.

Hatari ya umeme unaorudi

Umeme wa Bukavu hutoka mto Ruzizi, na kila nyumba inajua kwamba hukatika na kurudi bila kupiga hodi. Kwenye mashini nyingi za nyumbani, moteri ya kisu ina swichi yake na waya wake hadi ukutani. Haipiti kwenye kisanduku. Umeme ukikatika, kila kitu husimama. Kijana huinama aondoe vumbi au abadili kisu. Umeme ukirudi, kisanduku hungoja amri, lakini kisu huanza papo hapo, mara 10 000 na zaidi kwa dakika. Vidole havipati nafasi ya kukimbia.

Basi, siku ya kubadili kisanduku, weka pia kontakta yenye kifungo cha kuwasha na cha kuzima. Umeme ukikatika, kontakta huachia. Ukirudi, haishiki mpaka mtu abonyeze. Nacho kifungo chekundu cha hatari kikate umeme wenyewe wa moteri ya kisu. Kisiishie kutuma habari kwa kompyuta, maana kompyuta ikikwama, habari haifiki.

Fanya kama mgodini

Mgodini hatufungui mashini kabla ya kuzima umeme, kutia kufuli na kutundika kibao. Nyumbani ni vivyo hivyo:

1. Chomoa waya zote mbili ukutani, wa kisanduku na wa kisu. Plagi ziwe mbele ya macho yako.
2. Ngoja dakika 5, kisha pima kwa voltimita. Kisanduku cha umeme hubaki na nguvu hata baada ya kuzimwa.
3. Usichomoe waya wa moteri wakati kisanduku kimewaka, kadi huungua.
4. Jaribu kwanza bila kisu. Kisanduku kipya huweza kupeleka mashini upande usioutazamia.
5. Vaa miwani, lakini vua glavu. Glavu hushikwa na kisu na kuvuta mkono mzima.
6. Watoto wakae mbali.

Vumbi

Tangu 1995 wataalamu wa kimataifa wa kansa wamehesabu vumbi la mbao miongoni mwa vitu vinavyoleta kansa, hasa ya pua. Wewe uliyevuta vumbi la mawe kazini, pafu unalokwenda nalo nyumbani ni lile lile. Vaa maski, fungua madirisha, futa kwa kitambaa chenye maji.

Mtu akiumia

Zima umeme kwanza. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi dakika 10 bila kufunua, inua mkono, mpeleke kwa mganga. Usitie majivu wala petroli. Kidole kikikatika, kifunge katika kitambaa safi chenye maji kidogo, kitie mfukoni mwa plastiki, funga, weka mfuko juu ya barafu. Barafu isiguse kidole. Uliza pia sindano ya pepopunda.

Maswali ya kujibu pamoja nyumbani

– Umeme ukirudi sasa hivi, ni kitu gani kitaanza chenyewe?
– Kifungo chetu chekundu kinakata umeme, au kinatuma habari tu?
– Nani mwingine hapa nyumbani anajua pa kuzima?

Asiyeweza kujibu asiwashe mashini leo. Kinga ni bora kuliko tiba.