Mwanafunzi akija kupima mto, majibu irudi kwetu

Ndugu wanachama, kila mara tukipita kwa wakulima wa kandokando ya mto tunaulizwa swali moja. Wanafunzi wa staji walikuja pamoja na kikundi cha kulinda mto, wakajaza chupa za maji, wakachota udongo kwenye vitalu vya lengalenga, wakaaga vizuri. Majibu iko wapi? Mpaka leo hakuna.

Swali hilo si la bure. Mto Lubumbashi unapita kando ya kiwanda kilichoanza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na ule mlima mweusi wa taka uko pale pale, kila mtu anauona. Kisha mto unaingia Kafubu, Kafubu inakwenda Luapula. Siye tunamwagilia humo humo, tangu mvua inakatika mpaka inarudi. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na wa Ubelgiji walitangaza kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga walikuwa na kobalti katika mkojo kuzidi sana kiasi cha kawaida. Na Novemba 2025 maji machafu ya kampuni moja ya madini yalifurika mpaka mitaani, serikali ikaisimamisha.

Kwa hiyo staji tunaitaka. Lakini mbele ya kumpokea mwanafunzi, andikeni karatasi moja: majibu yatasomwa kwa Kiswahili katika kikao chenu. Profesa wake atie sahihi, sababu mwanafunzi akimaliza anakwenda zake, profesa anabaki.

Tena mtu wenu awepo wakati wa kuchota. Chupa iwe ya plastiki, safi, isuuzwe mara tatu kwa maji ya mto ule ule. Simama ukiangalia maji yanakotoka, ili matope ya miguu yako yasiingie. Chota juu ya mfereji wa kiwanda na chini yake, andika mahali, tarehe na saa. Mrudie kiangazi na masika. Chupa moja haisemi kitu.

Na majibu ikiwa mabaya? Wengine wanaogopa wateja watakimbia. Woga huo tunauelewa, ila watoto wetu wanakula mboga hizo hizo na bukari kila siku. Kuosha kunaondoa vumbi, hakuondoi kilichoingia ndani ya jani. Mwombeni mwanafunzi apime pia asidi ya udongo: ikiwa kali, madini yanapanda kirahisi kwenye mmea. Chokaa na kompositi vinapunguza. Kule Penga Penga watafiti wa Inivesite ya Lubumbashi walivijaribu ili majani yaote tena kwenye udongo ulioharibiwa na moshi wa kiwanda. Pengine kitalu kile kitahamia mahindi, yasiyobeba madini sana kwenye punje kama majani ya mboga.

Kwa kikao kijacho kila kundi lilete jina la mtu mmoja wa kwenda na wanafunzi mtoni. Asiyejua kusoma anafaa pia, mradi anajua maji hubadilika rangi saa ngapi.