B isiyofunga midomo

Jumapili moja kanisani Tukuyu niliombwa kusoma somo kwa Kinyakyusa. Nilipofika kwenye "abandu", yaani watu, nikaipiga b nzito kama ya "baba". Kina mama wa benchi la mbele wakacheka. Nyumbani bibi akaniambia, "Mjukuu wangu, umesoma kama mgeni." Iliniuma jamani. Kinyakyusa nakisikia tangu utotoni, ila kusoma nilifundishwa kwa Kiswahili.

Kumbe herufi ndiyo iliyonidanganya. Kitabuni ni b, lakini mdomoni midomo haifungi. Jaribu: isogeze kama unapuliza chai ya moto, isigusane, halafu toa sauti kooni. Meno hayahusiki kabisa. Yakigusa mdomo wa chini, umeshatamka v. Ila b ikitanguliwa na m, kama kwenye "imbwa" (mbwa), midomo hufunga.

Wanafonetiki huiandika kwa herufi ya Kigiriki, β. Kihispania kinayo: Mcuba akitaja nchi yake, b ya Cuba haifungi midomo. Lakini kwake b na v ni sauti moja, akibadilisha hakuna kinachoharibika. Adimu hasa ni lugha yenye β na v zote mbili, kila moja na maana yake. Waewe wa Ghana na Togo wanayo hiyo. "Eʋe", kwa β, ni jina la lugha yao. "Eve", kwa v, ni mbili. Ukikosea mdomo, umetaja namba.

Hapa Iringa ninakosoma, mwenzangu wa chumbani ni Mhehe. Kwao watu ni "vanu". Waganda husema "abantu", sisi "abandu", Kiswahili "watu". Kiambishi ni kilekile cha kale, ndicho kilicho ndani ya jina Bantu ambalo Wilhelm Bleek aliwapa wanaisimu karne ya 19. Mimi naiona β yetu kama kituo cha njiani: b imeshalegea, w haijafikiwa.

Binamu zangu waliokulia Mbeya mjini wanasoma "abandu" kama nilivyosoma mimi, na hakuna anayewacheka, maana na wenzao husoma hivyohivyo. Sidai herufi ibadilishwe, wazee wameizoea. Ninachotaka ni sauti irekodiwe. Likizo hii naenda Tukuyu na simu yangu. Bibi ameshauliza kama atalipwa.