Dondoo muhimu: Upepo ufundishwe uwanjani

Mtoto anayekariri kwamba upepo ni hewa inayosafiri bado hajauelewa. Anahitaji kuuona ukifanya kazi. Walimu, fungeni utepe wa kitambaa chepesi kwenye ufito, mbali na kuta, maana kuta huupotosha upepo. Pwani yetu, mchana wa Julai, utepe mara nyingi utaelekea kaskazini kwa sababu upepo wa kusi hutoka kusini. Januari, upepo wa kaskazi utaugeuza. Hapo wengi hukosea: upepo huitwa kwa utokako, si uendako. Wapo watakaosema muhtasari hauna nafasi ya michezo. Lakini dakika tano kila mchana zinatosha kuandika utepe unaelekea wapi, na jedwali la mwezi mmoja hufundisha pia dira, hesabu, na uaminifu wa kuandika kilichoonekana hata kikipingana na kitabu.