Kinamasi cha Mabamba na Wakazi Wake

Wanafunzi wenzangu, na ninyi wazee wetu mliotutangulia katika shule hii, nataka kuwaeleza habari za kinamasi kimoja kilicho karibu na mji wetu wa Kampala. Najua kwamba wengi wetu tukisikia neno kinamasi hufikiri mbu, ruba na matope tu. Watu husema, "Mahali pale ni bure, heri pakaushwe tulime." Nia yangu ni kuonyesha kwamba maji yale meusi, yaonekanayo kuwa mabaya, ndiyo yanayowalisha na kuwalinda viumbe wengi, na kwamba hata sisi wa mjini tunavihitaji vinamasi.

Kwanza, mahali penyewe. Mabamba ni ghuba ya Ziwa Victoria, ambalo Waganda huliita Nalubaale. Iko upande wa magharibi wa Entebbe, na kutoka Kampala ni safari ya maili 30 hivi. Eneo lake ni hekta 2,424, yaani karibu ekari 6,000. Mwaka 1971, katika mji wa Ramsar nchini Iran, mataifa kadha yalifanya mkataba wa kuhifadhi vinamasi na ndege wa majini. Uganda ilijiunga na mkataba huo mwaka 1988. Mwezi wa Novemba 2005 wajumbe wa mataifa hayo walikutana hapa hapa Kampala, na mwaka uliofuata, 2006, Mabamba ikaandikwa katika orodha ya vinamasi vyenye maana kwa dunia nzima.

Sasa tutazame mmea ulio mfalme wa mahali hapo, nao ni mafunjo. Mafunjo huweza kupita urefu wa futi 12, na kichwani yana nywele kama ufagio. Mashina yake hulala na kufumana pamoja hata yakafanya mkeka mnene uwezao kuelea juu ya maji. Chini ya mkeka huo mna giza. Upepo haufiki kuyatikisa maji, wala jua halipenyi vizuri. Tena majani makuukuu huanguka na kuoza, na vijidudu vinavyoyaozesha hutumia oksijeni iliyomo majini. Basi maji hubaki na oksijeni kidogo sana, na mahali pengine karibu haimo kabisa. Profesa L. C. Beadle, aliyekuwa akifundisha elimu ya wanyama katika Makerere, ni mmoja wa wataalamu waliochunguza sana jambo hili katika vinamasi vyetu.

Mtu atauliza, "Ikiwa maji hayana oksijeni, samaki wataishije humo?" Swali ni zuri, na jibu lake ni samaki aitwaye kamongo, ambaye Waganda humwita mmamba. Samaki huyu ana mapafu mawili. Matamvua yake ni madogo, hayamtoshi, kwa hiyo hupanda juu mara kwa mara kuvuta hewa kama sisi. Ukimzuia asifike juu atakufa maji, ingawa ni samaki! Mahali ambapo maji hukauka wakati wa kiangazi, kamongo huchimba shimo katika matope, hujifunika kwa ute unaokauka kama ngozi, akalala humo miezi mingi bila kula, akiishi kwa nyama ya mwili wake mwenyewe, mpaka mvua irudi. Dume ndiye alindaye mayai na watoto. Mmarekani mmoja mtaalamu wa mafigo, Homer W. Smith, alimstaajabia sana samaki huyu hata akaandika kitabu juu yake mwaka 1932, akakipa jina la Kamongo.

Lakini uhai wa kamongo una hatari yake. Kila apandapo kuvuta hewa hujionyesha, na juu yuko anayemngoja. Huyo ni bulwe, ndege mkubwa wa rangi ya kijivu, mwenye kimo cha futi 4 hivi. Waingereza wamempa jina kwa sababu domo lake limefanana na kiatu, na kweli ni kama kiatu kikubwa cha mbao chenye ncha kali iliyopinda. Nilipopelekwa Mabamba kwa mtumbwi nilimwona mmoja amesimama juu ya majani, hatikisiki hata kidogo, nikadhani ni kisiki. Halafu ghafula alijitupa mbele kwa mwili wote, mabawa wazi, akainuka na samaki pamoja na bonge la majani domoni. Aliyatema majani polepole, akameza samaki.

Basi utaona jinsi mambo yanavyofungamana. Mafunjo huyafanya maji yapungukiwe na oksijeni. Kwa hiyo kamongo hana budi kupanda juu. Na kwa kuwa anapanda juu, bulwe anapata chakula. Ukiyakata mafunjo na kuyakausha maji, bulwe hawezi kwenda kuwinda katika shamba la viazi. Ndege huyu hutaga mayai mawili kwa kawaida, na mara nyingi kinda mmoja tu ndiye anayekua. Katika Afrika nzima, wala hayupo penginepo duniani, inakadiriwa kwamba wamebaki kati ya 5,000 na 8,000.

Zamani wavuvi wa Mabamba hawakumpenda. Waliamini kwamba mvuvi akimwona bulwe hatapata samaki siku hiyo, na wengine walimwua. Mimi naona imani hii ilikuwa na mzizi wake, maana ndege na mvuvi wanamtafuta samaki yule yule, mahali pale pale. Mzee aliyetuongoza kwa mtumbwi alituambia, "Wanangu, baba yangu akimwona huyu alirudi nyumbani. Mimi nikikosa kumwona ndipo ninaporudi mikono mitupu." Maana siku hizi wageni huja kutoka nchi za mbali kumtazama bulwe, na wenyeji hulipwa kwa kuwavusha na kuwaonyesha.

Wako wakazi wengine wengi. Nzohe, ambaye kwa Kiganda ni njobe, ni mnyama wa jamii ya pongo mwenye kwato ndefu zinazotanuka, naye hutembea juu ya matope bila kuzama. Akifukuzwa hujificha majini, akaacha pua tu nje. Mbayuwayu wa buluu hulea makinda katika nyanda za juu za kusini mwa Afrika, kisha huja kwetu kukimbia baridi ya huko. Wamo pia samaki wadogo waitwao nkejje, au furu. Sangara walipoletwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, waliwala nkejje hata aina nyingi zikatoweka. Lakini sangara hawezi kuvumilia maji yenye oksijeni kidogo. Kwa hiyo nkejje waliokimbilia katika mafunjo walipona. Yale maji tuliyoyaita mabaya yakawa ngome yao.

Pengine msomaji wa Kampala atasema, "Hayo ni mambo ya shamba, mimi yananihusu nini?" Mabamba iko mbali na mabomba yetu, ni kweli, lakini kazi ile ile hufanywa na kinamasi kilicho mlangoni petu, nacho ni Nakivubo. Maji machafu ya mji hushuka kwa mfereji mpaka katika kinamasi hicho, kisha huingia katika ghuba ya Murchison. Huko huko, upande wa Ggaba, ndiko yanakovutwa maji ya kunywa ya mji. Mafunjo huyapunguza mwendo maji hayo, matope hutua chini, na mizizi hufyonza sehemu ya uchafu kuwa chakula chake. Mwaka 1999 wataalamu walikadiria kwamba faida ya kinamasi hicho huweza kufika dola za Marekani milioni 1.75 kwa mwaka. Hata hivyo sehemu kubwa yake imelimwa na kujengwa, na uchafu unaofika ziwani umezidi, hivyo kuyasafisha maji kunahitaji dawa nyingi zaidi na fedha nyingi zaidi.

Wala si Nakivubo peke yake. Mwaka 1994 vinamasi vilifunika zaidi ya sehemu 15 katika kila mia ya nchi ya Uganda. Hesabu zilizotolewa miaka ya karibuni zilionyesha chini ya sehemu 10. Sheria tunayo. Katiba ya mwaka 1995, kifungu cha 237, yasema kwamba Serikali huvishika vinamasi kwa amana kwa ajili ya raia wote. Lakini sheria haiwezi kusimama matopeni usiku kumzuia mwenye lori la udongo. Wala tusimlaumu tu maskini anayelima mayuni ukingoni ili ale. Mara nyingi anayejaza udongo ni mtu aliyesoma, mwenye fedha na mwenye rafiki ofisini. Ndiyo maana nimewataja wazee wetu tangu mwanzo. Baadhi yenu mna mashamba yanayopakana na maji, na wengine mna kalamu zinazotia sahihi. Sisi tulio darasani bado hatuna kimoja wala kingine, lakini tutakuja kunywa maji mtakayotuachia.

Wazee husimulia kwamba Kampala ilipata jina lake kwa swala waliolisha juu ya kilima chake. Swala hao hawapo tena, limebaki jina. Sasa katika Buganda kuna ukoo wa Mmamba na ukoo wa Njobe na ukoo wa Nkejje, na kila mmoja huwafundisha watoto wake wasile kiumbe cha jina lao. Huo nao ulikuwa uhifadhi, kabla ya mkataba wa Ramsar. Lakini mwiko wa kutokula haufai kitu ikiwa nyumba ya kiumbe yenyewe imejazwa udongo. Mtoto wa ukoo wa Njobe aweze kupelekwa ukingoni mwa mafunjo akaonyeshwa njobe mwenyewe, akiwa hai, ameinua pua yake juu ya maji.