Kila Neno na Kazi Yake

Mtu akitoa hoja, maneno yake hayana kazi moja yote. Fikirini nyumba: nguzo huchukua boriti, boriti huchukua paa, nao upepo hupiga toka nje. Ndivyo ilivyo hoja.

Mwaka 1854 kipindupindu kiliingia mtaa mmoja wa London, nchi ya Uingereza. Kwa siku kumi walikufa watu zaidi ya 500. Wengi walidhani ugonjwa huo unaletwa na hewa mbaya. Mganga John Snow alikataa. Hoja yake twaweza kuipanga hivi:

1. Wengi waliokufa walikunywa maji ya kisima cha Broad Street.
2. Mjane mmoja aliyekaa mbali aliletewa maji ya kisima kile, naye akafa.
3. Wafanyakazi wa kiwanda cha pombe kilicho karibu hawakuyanywa. Hakufa hata mmoja.
4. Basi, ugonjwa unatoka katika maji yale.
5. Kwa hiyo, watu wazuiwe kuyanywa.

Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ya kisima uliondolewa.

Ulizo: Maneno ya 1, 2 na 3 yana kazi gani?
Jibu: Ni nguzo, yaani sababu. Watu waliyachunguza wakayaona.

Ulizo: Na neno la 5?
Jibu: Ni paa, yaani mwisho wa hoja. Yote mengine yamesimamishwa kwa ajili yake.

Ulizo: Na neno la 4?
Jibu: Hapa wengi hukosea. Wakisikia «basi» hudhani wamefika mwisho. Sivyo, neno hili ni boriti. Linachukuliwa na nguzo tatu, nalo linalichukua paa.

Ulizo: Mtu akisema, «Lakini maji yale yanaonekana safi»?
Jibu: Huo ni upepo, yaani pingamizi. Hauangushi nyumba hii, kwa maana macho hayaoni vijidudu vya ugonjwa.

Mkitaka kutambua kazi ya neno, ulizeni mara mbili. «Kwa nini tulikubali?» Linalojibu ni nguzo yake. «Basi, latupeleka wapi?» Linalojibu linachukuliwa nalo.

Zoezi: Mzee mmoja asema, «Babu zetu walikunywa maji ya mto bila kuyachemsha, basi, na sisi tuyanywe hivyo.» Onyesheni nguzo na paa. Kisha ulizeni: Je, ametuambia ni watoto wangapi wa babu zetu waliokufa kwa kuhara? Nguzo moja isiyopimwa isiwe kitegemeo cha uzima wa watoto wenu.